Biblia ya maandishi makubwa kwa mzee ambaye hali yake imebadilika: tathmini ya Union Version

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, toleo la maandishi makubwa lenye jalada gumu, imekuwa ikitumika nyumbani kwetu kila siku kwa muda wa kutosha kuweza kuisemea, na ninaiandikia tathmini hii kwa ajili ya mtu anayetafuta zawadi ya mzazi, mjane au mstaafu ambaye maisha yake yamegeuka bila yeye kutaka. Tuliinunua kwa ajili ya mama mkwe wangu. Baada ya kupatwa na kiharusi alilazimika kukiacha kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, huko Marangu mlimani Kilimanjaro, pamoja na migomba, kahawa na ng'ombe aliyekuwa akimkatia majani kwa mkono wake mwenyewe, akaja kukaa nasi Dar es Salaam. Mkono wa kulia umelegea na macho yamepungua nguvu. Mtu wa namna hiyo hushinda na Biblia yake kutwa nzima, kwa hiyo karatasi, wino na ushonaji wake ni mambo ya kuangaliwa kwa makini kabla ya kutoa fedha.

Nianze na maandishi, kwa kuwa ndiyo sababu ya kulinunua toleo hili. Herufi ni nene, nyeusi, na nafasi kati ya mstari na mstari inatosha kidole kupita bila kufunika maneno yanayofuata. Mama husoma hivyo, kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akikisogeza taratibu na kukisimamisha kila penye nukta. Nakala yetu imechapwa kwa wino mweusi mtupu. Yapo matoleo yanayochapa maneno ya Yesu kwa rangi nyekundu, nayo yanapendeza sana yakiwa dukani, lakini kwa jicho lenye mtoto wa jicho rangi hiyo hufifia, hasa jioni chini ya taa hafifu, na lingekuwa jambo la kusikitisha kama maneno ya Bwana ndiyo yangekuwa magumu kusomeka kuliko mengine yote. Marejeo ya pembeni yamebaki kwa herufi ndogo na mzee hatayaona. Kwa msomaji huyu si hasara kubwa.

Uzito ni jambo la kufikiriwa. Vitabu vyote 66 kwa herufi kubwa haviwezi kuwa vyepesi, na mtu mwenye mkono mmoja wenye nguvu hataweza kuishika hewani. Sisi tunaiweka juu ya mto mgumu mapajani pake, naye huisoma akiwa ameketi. Kurasa zimeshonwa kwa uzi, na kwa sababu hiyo Biblia hubaki imelala wazi hata ikifunguliwa kwenye Mwanzo au Ufunuo, jambo ambalo nakala za gundi peke yake hushindwa. Kingo za dhahabu zilikuwa zimegandana ilipokuwa mpya. Ilibidi tuzifungue kurasa chache chache kabla ya kumkabidhi, na ninashauri kila mnunuzi afanye hivyo, kwa maana mzee anayeshindwa kufunua ukurasa kwa mkono uliobaki anaweza kuvunjika moyo na kuiweka kabatini.

Kuhusu tafsiri yenyewe, Union Version ilitoka ikiwa Biblia nzima mwaka 1952, ikiunganisha kazi za tafsiri zilizotangulia za Kiunguja na za Kimvita, na ndiyo iliyojaa vichwani mwa wazee wetu wengi wa Kiprotestanti. Lugha yake ina maneno yaliyochakaa ambayo kijana huyakwepa, na kwa kijana ningependekeza tafsiri nyepesi zaidi. Kwa mzee hali ni nyingine kabisa. Zaburi anayoijua tangu darasa la kipaimara anataka kuikuta kama alivyoiacha, hasa wakati ambapo karibu kila kitu kingine kimehamishwa kutoka mahali pake. Anaposoma katika Zaburi ya 71, «Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache», mdomo wake hutangulia kidole.

Sasa nifike kwenye faida ambayo sikuitarajia, na ambayo kwangu ndiyo inayoipa Biblia hii thamani yake kubwa. Kabla ya kuipata, Mama alikuwa akilishwa Neno vipande vipande: mstari wa kalenda, mstari uliotumwa kwenye simu ya mjukuu, mstari ulionukuliwa na mgeni aliyekuja kumjulia hali. Mstari uliopendwa kuliko yote ulikuwa Yeremia 29:11, unaosema Mungu anawawazia watu wake mawazo ya amani wala si ya mabaya, na wageni waliutaja karibu kila mara kama ahadi kwamba mkono utarudi na kwamba Krismasi ataila Marangu. Walisema kwa upendo, na siwalaumu. Lakini mtu anapoweza kusoma mwenyewe, kwa macho yake mwenyewe, huanzia juu ya ukurasa. Mama alianzia sura ya 28, akamkuta nabii Hanania akiwatangazia watu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi kutoka Babeli, na akamwona Yeremia akilipinga neno hilo. Ndipo ikaja barua ya sura ya 29, iliyopelekwa kwa watu waliokwisha kuhamishwa, inayowaambia kwamba muda wao ni miaka 70, na kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na wautakie amani mji uleule ambao hawakuuchagua. Ahadi ya mstari wa 11 imo ndani ya barua hiyo hiyo. Wengi wa watu wazima walioisikia ikisomwa hawakuweza kutumaini kurudi kwao, na hata hivyo ni wao walioambiwa kwamba Mungu anawawazia amani.

Aliniita nimsomee sehemu hiyo kwa sauti, nami nilipotaka kwenda haraka kwenye mstari unaojulikana akaniambia, «Usiruke, mwanangu, hapo juu ndipo penye habari yangu.» Tangu siku hiyo maombi yake yamebadilika. Bado anaomba uponyaji, na sioni sababu ya kumwambia aache, lakini sasa anauombea pia mtaa wetu, majirani zetu na usharika wetu wa hapa, ambao zamani aliuita «kwenu». Ameagiza apandiwe mchicha kwenye ndoo kuukuu karibu na bomba, na anausimamia kwa ukali.

Nimeona jambo hilohilo katika vitabu vingine. «Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu» ni mstari tunaouona nyuma ya daladala na kwenye fulana, tukiuelewa kuwa ni wa ushindi; anayesoma Wafilipi sura ya 4 yote anakuta Paulo, akiwa katika vifungo, anazungumzia kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na kwamba nguvu anayoitaja ni ya kustahimili yote mawili. Katika Ruthu sura ya 1, Naomi anarudi Bethlehemu na kusema bila kificho, «Msiniite Naomi, niiteni Mara», yaani chungu, wala hakuna anayemkemea kwa kukosa imani. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na imeachwa hivyo ndani ya kitabu cha sala. Kwa mzee aliyeambiwa mara nyingi kwamba Mkristo halii, kurasa hizi ni ruhusa aliyokuwa akiihitaji ya kumwambia Mungu uchungu wake na kuendelea kumtumaini.

Lakini sehemu ambayo Mama huirudia zaidi ni Yohana 21:18, pale Yesu anapomwambia Petro kwamba alipokuwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini atakapokuwa mzee atainyosha mikono yake na mwingine atamfunga na kumchukua asikotaka. Najua kwamba Yohana anaeleza maneno hayo kuwa yanahusu kifo cha Petro. Hata hivyo, mwanamke aliyewahi kupanda na kushuka mlima na mzigo wa majani kichwani, ambaye leo mkwewe anamfunga khanga kila asubuhi, anaisikia sauti ya Bwana anayeijua hali yake, na anaona kwamba baada ya habari hiyo nzito Petro aliambiwa neno lilelile aliloambiwa mwanzo, «Nifuate.» Sikumfundisha mimi. Alilisoma.

Kwa hayo yote ninaipendekeza Biblia hii kwa moyo wote, ingawa bei yake ni kubwa kuliko ya nakala ya kawaida. Anayenunua aende dukani mwenyewe, ikiwezekana pamoja na mzee, aifungue katikati na mwishoni aone kama inalala wazi, aangalie kama wino wa upande wa pili haupenyi, na amwombe mzee asome mistari kadhaa akiwa mbali na taa kali za dukani. Kama mikono inatetemeka sana, ni afadhali kuanza na Agano Jipya pamoja na Zaburi katika kitabu kimoja cha herufi kubwa, ambacho ni chepesi zaidi. Na kama macho yameshindwa kabisa, fedha hiyo itumike kwa chombo cha kusikilizia Biblia kwa sauti, na mmoja wa nyumbani atenge muda wa kukaa naye wasikilize sura nzima.