Studio ya kusoma picha za askari wa zamani, Tabora mjini: lipia skani, kataa rangi

Kwa mwenye picha ya babu ndani ya gwanda la kaki na hajui babu huyo alitumikia jeshi gani, ipo studio ndogo karibu na soko kuu hapa Tabora inayotoa huduma tatu: kuskani picha, kuitia rangi kwa kompyuta, na "kuisoma", yaani fundi kukuambia sare ni ya nani na ni ya miaka ipi. Skani yao ni nzuri kweli. Usomaji ni mzuri nusu. Kutia rangi nashauri kila mtu akatae, na sababu nitaieleza.

Tuanze na skani. Fundi haibandui picha iliyoganda kwenye albamu. Anaskani ukurasa mzima, na hilo peke yake ni sababu ya kumpelekea kazi, kwa kuwa picha nyingi hufia hapo kwenye kubanduliwa. Tatizo ni kipimo. Wasipoambiwa, mashine inakaa kwenye nukta 300 kwa inchi. Picha nyingi za zamani ni ndogo, sentimita 6 kwa 9, na nembo ya kofia humo huwa na upana wa milimita 2 hivi. Kwa 300, nembo hiyo inapata nukta 24 tu, na huwezi kujua kama ni tai, nambari au uchafu. Kwa 1200 inapata nukta 94, na mabawa ya tai yanaonekana. Sema 1200 kabla hajafunika mashine. Omba faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha, kwenye flashi yako mwenyewe. Wakikutumia kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kazi yote imepotea. Kama hakuna njia nyingine, watume kama faili.

Nyuma ya picha hawaskani mpaka uombe. Omba. Mhuri wa studio, mwandiko wa penseli, hata maneno ya postikadi yaliyochapwa, vyote vinasaidia kujua picha ilichapishwa wapi na lini.

Sasa rangi. Programu haijui rangi ya sare, inakisia. Tena kabla ya kutia rangi "inasafisha", na kusafisha kwake ni kuchora upya kile isichokielewa. Matokeo yake tai wa chuma kwenye tarbushi anakuwa kifungo cha duara, na tepe mbili za mkononi zinageuka mikunjo ya shati. Picha inapendeza ukutani, lakini ushahidi umefutwa. Faili lisiloguswa lazima ulichukue kwanza, hata kama familia inataka ya rangi kwa ajili ya fremu.

Kwenye usomaji ndipo penye mambo mengi. Fundi ni mzuri kwa vita vya Hitler. Anajua herufi K.A.R. za shaba mabegani, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki ambalo watu waliliita Keya; anajua kichwa cha kifaru kilichokuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944. Lakini akiona kofia pana iliyokunjwa upande mmoja anasema "Burma" papo hapo, na hapo anakosea. Kofia hiyo Keya waliivaa pia Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942. Bila kifaru, au utepe wa medali unaosomeka, kofia peke yake haimpeleki mtu Burma. Vivyo hivyo nyota ya pembe sita kifuani: inathibitisha vita vya pili, lakini ni utepe unaosema ni nyota ipi. Na kama medali ya vita vya kwanza bado ipo sandukuni, isomwe ukingo wake kabla ya picha, maana medali za Waingereza za vita vile zilipigwa nambari, jina na kikosi cha mwenyewe pembezoni.

Udhaifu wake mkubwa uko enzi ya Mjerumani, na kwa Tabora hilo si jambo dogo. Wanyamwezi walikuwa wengi katika askari wa Mjerumani, na mji huu ulikuwa makao ya muda ya serikali yao wakati wa vita mpaka Wabelgiji walipouteka tarehe 19 Septemba 1916, baada ya Kigoma kuanguka Julai. Kwa hiyo picha ya miaka ile iliyopigwa ukanda huu inaweza kuwa ya jeshi la Mjerumani, la Mbelgiji au la Mwingereza, na wote watatu walivaa kaki na tarbushi.

Fundi anawatenganisha kwa weusi wa kofia. Njia hiyo haifai. Filamu nyingi za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu: nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na bluu ilitoka nyeupe kuliko ilivyo. Tarbushi nyeusi pichani huenda ilikuwa nyekundu kabisa, na vitambaa vyeupe vya miguuni huenda vilikuwa vya bluu.

Angalia vitu, siyo rangi. Askari wa Mjerumani: tarbushi ya kaki yenye kitambaa kinachofunika kisogo, na mbele tai wa chuma. Keya nao walikuwa na kofia ya kaki yenye kitambaa cha kisogoni, ila mbele ni nambari au herufi ya kikosi. Cheo cha Mjerumani kilikuwa tepe za V mkono wa kushoto juu: moja ombasha, mbili shaushi, tatu bet-shaushi, nne soli. Kwa Mwingereza tepe moja ni lansi koplo, mbili koplo, tatu sajenti. Tepe nne za V peke yake, bila taji wala nembo nyingine, zielekeze macho yako kwa Mjerumani. Na mtu mmoja kuwa na picha mbili za sare za maadui si ajabu: kikosi cha 6 cha Keya kilipoundwa upya mwaka 1917 kilichukua askari waliotoka kwa Mjerumani.

Kabla ya kuhesabu tepe za mkono wa kushoto, hakikisha picha haikuchapishwa kinyume. Medali hukaa kifua cha kushoto, na gwanda la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Vikiwa kinyume, geuza faili kwanza.

Lipo jingine ambalo studio hailigusi kabisa: wasiokuwa askari. Huu ni mji wa reli, na koti lenye vifungo vya herufi EAR&H, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ni la mtumishi wa reli, tena si kabla ya mwaka 1948. Skafu shingoni ni skauti. Wacheza ngoma ya beni wa vyama vya Marini na Arinoti walivaa sare za kijeshi na kupeana vyeo vya kizungu. Ukiona watu sita wenye sare sita zisizofanana, na mmoja ana tarumbeta, fikiria ngoma kabla ya vita.

Skani ni shilingi 2,000 kwa picha, nyuma unaongeza 1,000, kusoma ni 5,000. Nenda asubuhi, fundi hana foleni ya picha za pasipoti. Mwombe aandike kila alichokiona na mahali alipokiona: kofia, mkono, kifua, kiuno, miguu. Akikuandikia "Keya" tu bila kutaja ameona nini, mrudishie karatasi aandike upya.