Kuchangiana matibabu kikanisa huku Marekani: miaka miwili ndani, nyota 3

Mlioniuliza kuhusu hii kitu, haya. Mi ni dereva wa lori langu mwenyewe hapa Texas, hakuna bosi wa kunikatia bima, na bima ya Obamacare (ile ya kujinunulia mwenyewe chini ya sheria ya afya ya Obama) niliyopigiwa hesabu kwa watu wanne ilikaribia kodi ya nyumba. Ndo nikajiunga na hawa wa kuchangiana wa Kikristo, jina naliacha. Unasaini tamko la imani, unaahidi hutovuta sigara wala kulewa, halafu kila mwezi unatoa mchango wa kulipiana bili za matibabu, sisi dola 480. Kwa tuliokulia kwenye michango ya harusi na misiba sio kitu kigeni, tofauti tu mwenyekiti wa kamati humjui.

Mwaka jana kijana wangu kapasuliwa kidole tumbo, bili dola 34,000. Pale hospitali unahesabika huna bima, kwa hiyo kazi ya kubembeleza punguzo ni yako, wife kakaa na simu wiki mbili mpaka ikashuka 13,000. Tukatoa 1,500 za mwanzo ambazo mwanachama anajilipia mwenyewe, zilizobaki zikalipwa zote na michango ila baada ya miezi mitano, na muda wote huo barua za madeni zinamiminika kama matangazo ya pizza. Katikati ya hizo barua zikawa zinaingia kadi za familia za wanachama wenzetu tusizozijua kabisa, wameandika kwa mkono wanamuombea mtoto, mama mkwe alilia jamani.

Kilichoniudhi ni presha ya wife. Alikuwa nayo kabla hatujajiunga, kwa hiyo dawa na vipimo tunajilipia, imeandikwa kwenye mwongozo huko kurasa za nyuma na sikusoma, kosa langu, lakini yule dada aliyetuandikisha kwa simu alisema "msijali". Na pa kushtaki hakuna maana kisheria hii sio bima, hakuna aliyekuahidi kulipa, wamekuandikia wenyewe kwa herufi nzito. Mimba pia, ukiingia tayari mjamzito imekula kwako.

Na anayekwambia ujiunge ili ukwepe faini ya kutokuwa na bima, huyo kachelewa, ile ya serikali kuu ni sifuri tangu 2019.

Mi na watoto tumebaki. Wife nilimhamishia Obamacare usajili ulipofunguliwa Novemba, wale hawaruhusiwi kumkataa mtu kwa presha.