Mkopo wa HESLB kwa mwombaji mtu mzima: nani unamfaa, nani aache mapema

Kwa mtu wa miaka 30 anayetaka kuingia MUST au TEKU (vyuo vikuu vya Mbeya) au Chuo Kikuu cha Iringa, mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, unafaa, na hakuna benki itakayompa masharti ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba utaratibu wake umepangwa kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi. Kabla ya kulipa ada ya maombi ya Sh 30,000, pima mambo matatu: umri usizidi miaka 35 unapoomba, usiwe na ajira, na uwe umehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Aliyemaliza kidato cha sita miaka kumi nyuma itambidi apitie stashahada kwanza. Nafuu ni kwamba tangu 2023/24 baadhi ya fani za stashahada nazo zinakopeshwa.

Maombi yenyewe hufanyika mtandaoni kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mikopo, na hapo ndipo watu wazima wanapokwama kuliko vijana. Akaunti hufunguliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba mbili au tatu. Akiomba chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, mfumo hauwezi kumuunganisha na udahili wake, na jina lake halitatoka hata kama ana sifa zote. Chagua namba moja, itumie kote, na zile nyingine uzitaje panapoulizwa.

Kisha majina. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na wengi waliozaliwa vijijini Makete, Ileje au Ludewa walikipata ukubwani, jina likiwa tofauti na la cheti cha shule. Rekebisha hilo kwa hati ya kiapo mbele ya wakili miezi kadhaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Yatima naye anahitaji cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa. Kama mzazi alifariki zamani na kifo hakikusajiliwa, anza kwa mtendaji wa kijiji mapema, kwa sababu bila cheti hicho uyatima wako hauhesabiki katika kupima uhitaji. Kaya iliyo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iambatishe uthibitisho wake.

Ukipangiwa, ada huenda chuoni moja kwa moja, nawe unapata boom, yaani fedha ya chakula na malazi, Sh 10,000 kwa siku. Anayelea watoto asiitegemee kwa kaya nzima. Pia ada inaweza kutolewa sehemu tu, kulingana na uhitaji. Tofauti utaijaza mwenyewe.

Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara. Kwa mshahara wa Sh 700,000, ni Sh 105,000 kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, na hilo lilikuwa jambo jema sana.

Ukomo wa miaka 35 ndio dosari kubwa ya huduma hii. Unawafungia nje hasa wanawake waliosimamisha masomo wakalea, na unastahili kutazamwa upya.

Waliovuka umri huo, pamoja na walioajiriwa, waelekee Chuo Kikuu Huria, chenye vituo Mbeya na Iringa. Unasoma huku unafanya kazi, na unaweza kuchukua masomo machache kwa mwaka kadiri mfuko unavyoruhusu. Ada ikopwe SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo), ambazo nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, basi weka akiba mapema. Mkulima aombe marejesho ya msimu, baada ya kuuza kahawa, mpunga au mahindi. Akikubali marejesho ya kila mwezi, atakwama Desemba, fedha zote zikiwa zimeishia kwenye mbolea.