Kinara cha Silva cha Marekani: Kigeuze Chini Kwanza Kabla Hujalipa

Haya jamani karibuni tena, leo mezani nina pea ya vinara vya mishumaa, kila kimoja mikono mitatu, silva ya Kimarekani, kazi ya kiwanda cha Gorham, nimevipata Jumamosi hapa Massachusetts kwenye nyumba ambayo watoto walikuwa wanauza vitu vya marehemu mama yao. Nimetoa dola 160 kwa vyote viwili. Kama ni bei nzuri au sio nzuri tutafika huko, ila kwanza nakigeuza kichwa chini maana majibu yote yako huku.

Oneni hapa kwenye ukingo wa kitako. Kuna simba, kuna nanga, kuna herufi G, alafu neno STERLING. Sasa mtu aliyezoea vyombo vya Uingereza akiona simba na nanga anasema moja kwa moja hii imetoka mji wa Birmingham, kwa sababu kule nanga ndio alama ya Birmingham kweli na simba ndio alama ya silva. Hapana. Simba nanga na G ni alama ya Gorham wenyewe, kiwanda kilichoanza 1831 Providence, Rhode Island, na hii ni chapa ya kampuni tu sio muhuri wa serikali. Marekani haina ule utaratibu wa Waingereza wa kupeleka kila chombo kwenye ofisi ya kupima madini kigongwe mhuri, huku mtengenezaji ndiye anayegonga mwenyewe, na tangu 1906 kuna sheria ya nchi nzima inayombana asidanganye. Kwa hiyo neno la kutafuta ni STERLING, maana yake katika sehemu 1000, sehemu 925 ni silva na zilizobaki mara nyingi ni shaba.

Na kama una Gorham ya zamani zaidi angalia vizuri, kuanzia 1868 walikuwa wanagonga herufi ya mwaka, A mpaka wakafika Q mwaka 1884, alafu wakahamia kwenye vipicha vidogo, kila mwaka na kapicha kake, mpaka 1933. Mi napenda sana hili jambo, unashika chombo na kinakuambia mwaka wake wa kuzaliwa.

Sasa sogeeni, kuna neno lingine hapa dogo. WEIGHTED. Hili neno ndio sababu ya video nzima. Wengine wanaandika REINFORCED, wengine CEMENT LOADED, yote ni familia moja, yaani silva ni ngozi nyembamba tu ya nje na ndani wamejaza simenti au plasta au lami, mara nyingi na nondo ya chuma katikati ili kinara kisianguke mishumaa ikiwaka. Sio wizi, imeandikwa wazi, na vinara vingi sana vya Marekani vya karne iliyopita ndivyo vilivyo. Shida inakuja kwa muuzaji anayekiweka kwenye mizani. Hiki kimoja nimekipima ni gramu 1,100. Wakia ya silva ni gramu 31.1, ukigawanya unapata wakia 35, na mtu anaweza kukupigia hesabu ya wakia 35 kwa bei ya silva ya leo usoni kwako kabisa, wakati sehemu kubwa ya huo uzito ni simenti! Usikubali. Kinara kilichojazwa hakinunuliwi kwa uzito.

Na kama neno limefutika? Gonga na kucha, kisicho na kitu ndani kinalia kama kengele, kilichojazwa kinafanya du, basi. Angalia chini, kama ni uwazi na unaona mgongo wa nakshi kwa ndani hiyo ni silva tupu na bei yake ni nyingine kabisa, kama kimezibwa kwa bati au kitambaa cha kijani kama hiki kuwa na mashaka. Sumaku msiitegemee sana, ile nondo ya ndani inaweza kuivuta ukatupa silva halali, na shaba iliyopakwa silva juu haivuti kitu ukadhani umepata. Ukiona EPNS au QUADRUPLE PLATE hiyo ni ya kupaka, na kwenye kona zilizosuguliwa utaona rangi ya madini mengine inachungulia.

Mikono inachomoka, oneni, navuta hivi, kinabaki kinara cha mshumaa mmoja. Nzuri sana hii. Lakini hakikisheni juu na chini ni ndugu, chapa ziko pande zote mbili, na vile visahani vya kukinga nta vipo vyote. Kwangu kimoja kimekosekana, na ndio nilichotumia kushusha bei.

Kuosha sasa, na hapa naomba mnisikilize. Pea yangu ya kwanza niliiloweka kwenye maji ya moto nitoe nta, maji yakaingia kwenye kitako, kikaachia na hakijasimama sawa mpaka leo. Iliniuma kweli. Cha kujaza hakilowekwi, hakiingii mashine ya kuoshea vyombo, ni kitambaa chenye unyevu na dawa ya silva kidogo, unakausha hapo hapo. Na ukihifadhi usifunge kwa rababendi, ina salfa, inaacha mstari mweusi. Bibi yangu Lamu alikuwa na mrashi wa silva, alikuwa anaufuta kwa kitambaa laini kila Alhamisi jioni, hajawahi kuutumbukiza popote.

Haya, dola 160. Kwa uzito wa silva peke yake singetoa hiyo. Kwa pea iliyonyooka, haijatobolewa kupitisha waya wa taa ya umeme, haijafutwa majina ya kuchongwa, nakshi bado kali ukipitisha kidole, natoa tena kesho. Ngoja nizime taa ya juu niwashe hii mishumaa sita muone inavyokaa.