Duke ya Jon Scheyer, kwa macho ya mtu wa Carolina

Mimi ni Carolina, yaani shabiki wa timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani; Chuo Kikuu cha Duke ndio watani wetu. Naliweka hilo mezani mapema ili msomaji ajue anayesema ni nani. Huu ni mwaka wangu wa tisa Durham, mji wa Duke, na kazi yangu iko Chapel Hill, mji wa Carolina. Kati ya miji hii miwili kuna barabara ya 15-501 na kilomita kama 16 tu. Aliyekulia Dar akaja huku akidhani ameachana na mambo ya Simba na Yanga, asubiri Februari ifike, Duke na Carolina wakutane. Kinyozi wangu ni Duke. Bosi wangu ni Carolina. Jirani wa kushoto ana bendera ya bluu iliyokolea mlangoni, mimi nina ya samawati, na watoto wetu wanapanda basi moja la shule.

Leo nataka kuisema vizuri timu ya Duke ya msimu wa 2024-25, ya kocha Jon Scheyer. Imenichukua muda kufika hapa. Ilitufunga mara tatu: 87-70 kwao tarehe 1 Februari, 82-69 kwetu tarehe 8 Machi, halafu 74-71 kwenye nusu fainali ya mashindano ya ACC, ukanda wa vyuo tunaochezea wote wawili, pale Charlotte. Ukifungwa mara moja unaweza kumlaumu mwamuzi. Ukifungwa mara tatu, kaa chini uangalie mwenzako anafanya nini.

Wengi watakwambia jibu ni Cooper Flagg, na hawadanganyi. Kijana wa Newport, Maine, aliyefikisha miaka 18 Desemba msimu ukiwa tayari umeanza, na Januari akawatia Notre Dame pointi 42, rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza katika ACC. Anafunga, anapasi, anaruka kuzuia, anateremka na mpira mwenyewe kama mlinzi mfupi. Lakini vipaji vya namna hiyo Duke wamewahi kuwa navyo mara nyingi na bado tukawafunga. Kilichonisumbua mimi msimu ule ni kitu kingine, nacho kiko upande wa ulinzi.

Nilicheza kikapu ujana wangu, kwenye uwanja wa Don Bosco pale Upanga, nikiwa mlinzi mfupi mwenye mbio. Silaha ya mtu kama mimi ilikuwa skrini. Mwenzako mrefu anakuja anasimama kama nguzo, unampitisha anayekukaba kwenye bega lake, na kwa sekunde moja hivi unabaki huru. Timu nyingi zikifika hapo zinachanganyikiwa. Wakibadilishana watu, mrefu mzito anabaki na mtu mwepesi, na mfupi anabaki na jitu chini ya kikapu. Unachagua ulitaka lipi.

Kwa Duke hii hukuwa na la kuchagua. Mfupi kabisa kati ya watano walioanza alikaribia mita mbili. Tyrese Proctor, Sion James, Kon Knueppel, Flagg, na nyuma yao Khaman Maluach mwenye mita 2.18. Skrini ikija wanabadilishana bila hata kusemezana, na aliyekuja kukukaba ni mrefu kama aliyeondoka. Mechi ya kwanza niliitazama mara mbili, ya pili ikiwa imerekodiwa, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Nilikuwa natafuta ile sekunde moja ya uhuru. Mlinzi wetu anapita kwenye skrini vizuri kabisa, bega kwa bega, anainua macho, na tayari kuna mkono mbele ya uso wake. Anarudisha mpira nje. Skrini nyingine, mkono mwingine. Saa ya kurusha inakwisha na mpira bado uko mbali na kikapu. Hakuna aliyekosea kwetu. Mlango haukuwepo tu.

Na ukifanikiwa kupenya, ndani yuko Maluach. Huyu niruhusuni nimzungumzie kwa kirefu kidogo. Amezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kampala. Kabla ya Duke alishacheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, msimu mmoja akiwa na City Oilers ya Uganda, na akiwa na miaka 17 alikuwa Paris kwenye Olimpiki ya 2024 na timu ya taifa ya Sudan Kusini. Mimi nimekuja nchi hii ukubwani. Kumwona kijana aliyekulia Kampala akiingia Cameron Indoor Stadium, nyumbani kwa Duke, kuanza mechi, huku watu 9,000 na ushee wakipiga kelele katika uwanja uliofunguliwa mwaka 1940 na ambao hadi leo ni mdogo kama ukumbi wa shule kubwa, kulinifanya nisahau kwa dakika kadhaa kwamba naishabikia timu nyingine. Hana mbwembwe. Anakimbia mwanzo wa uwanja hadi mwisho, anainua mkono, mpira unarushwa juu, anaudanki. Alifunga zaidi ya asilimia 70 ya mipira aliyorusha, kwa sababu alijua kisicho chake na akakiacha. Binti yangu ana miaka kumi na moja na ni mrefu kuliko wenzake wote darasani. Alikuwa akiniuliza kila wiki, "Baba, yule wa Uganda anacheza leo?"

Sasa kocha. Jon Scheyer alipokabidhiwa timu mwaka 2022 alikuwa na miaka 34, akimpokea Mike Krzyzewski aliyekaa pale misimu 42 na kuchukua ubingwa wa taifa mara tano. Sisi tulifurahi. Tulikuwa tumetoka kumfunga mzee huyo mechi yake ya mwisho ya nyumbani, 94-81, kisha tukamstaafisha kabisa kule New Orleans tarehe 2 Aprili, 81-77 kwenye nusu fainali ya taifa. Nilidhani kijana atapwaya kwenye kiti kile kwa miaka kumi. Ni mtu wa Duke, alikuwa nahodha wa timu iliyoifunga Butler 61-59 na kuchukua ubingwa wa 2010, lakini ukubwa wa mchezaji na ukubwa wa kocha ni vitu viwili. Hata ile sifa yake ya sekondari kule Illinois, kufunga pointi 21 ndani ya sekunde 75, niliiona ni ya mfungaji, haitamsaidia akiwa amevaa suruali ya kitambaa.

Nilichokuja kumheshimu nacho ni jinsi anavyojifunza kutokana na kipigo. Machi 2024 walitolewa na NC State kwenye robo fainali ya taifa, 76-64. Siku ile DJ Burns, mtu wa miraba minne, aliwafunga pointi 29 akiwa amewapa mgongo tu, anawasukuma taratibu mpaka chini ya kikapu. Niliitazama mechi hiyo kwa kinyozi, kiti kikiwa kimesimama, mashine imezimwa, nusu ya kichwa changu imenyolewa na nusu bado. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kunimalizia.

Baada ya hapo wachezaji saba walihamia vyuo vingine, wengine wakaenda NBA. Magazeti ya huku yaliandika kama nyumba inaungua. Scheyer hakukimbilia kujaza nafasi kwa majina. Alileta watoto wapya wenye urefu, kisha akaweka katikati yao watu wazima: Sion James kutoka Tulane, Maliq Brown kutoka Syracuse, Mason Gillis kutoka Purdue. Watu waliokwisha kula chumvi ya mpira wa chuo, wanaojua kwamba siku nyingine kazi yako ni kukaba tu na kurudi benchi. James ndiye aliyenivutia zaidi. Ana kifua cha mbeba mizigo, anakaba mlinzi mfupi na senta sawasawa, na sikumwona hata mara moja akigombania mpira usio wake. Timu nyingi zenye nyota wa miaka 18 hukosa mtu wa namna hii, na sisi Carolina mwaka ule tulimkosa.

Wakamaliza ligi ya ACC na ushindi 19, kipigo kimoja.

Usiku wa Charlotte ndio ulionimaliza. Flagg alikuwa ameumia kifundo cha mguu siku moja kabla, na Brown alikuwa ameteguka bega. Nikasema Mungu ametukumbuka. Wakatutangulia kwa pointi 24. Bila Flagg! Kisha vijana wetu wakafanya jambo nitakalowasimulia wajukuu: wakarudi, pointi moja moja, mpaka zimebaki sekunde nne na tuna mitupo huru miwili, tuko nyuma kwa pointi mbili. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia, tukawa tumesawazisha, nami nimeshasimama juu ya kochi. Filimbi. Mchezaji wetu mmoja alikuwa ameingia kwenye eneo kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Pointi ikafutwa. Knueppel akaenda upande wa pili akarusha mitupo yake kana kwamba yuko mazoezini peke yake. 74-71. Kesho yake, Flagg bado nje, wakaifunga Louisville 73-62 na kubeba kombe la ukanda.

Timu inayoweza kufanya hivyo bila mtu wake bora haikutengenezwa na mtu mmoja.

Nawapa nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu niliyoibakiza ina sababu. Walifungwa mara nne tu msimu mzima: Kentucky 77-72, Kansas 75-72, Clemson 77-71, na Houston 70-67 kwenye nusu fainali ya taifa kule San Antonio. Angalia tofauti hizo. Hakuna aliyewazidi kwa zaidi ya pointi sita. Mechi ikifika dakika mbili za mwisho ikiwa imebanana, mashine ile iliyokuwa ikitembea yenyewe ilikuwa inapata kigugumizi. Dhidi ya Houston waliongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili. Mwishoni mpira wote ukawa wa Flagg na wenzake wakasimama kumtazama. Alikuwa na pointi 27 usiku ule. Rusho lake la mwisho, Duke ikiwa nyuma kwa moja, liligonga ukingo wa mbele wa ringi. Hapo namdai Scheyer. Muda wa mapumziko mfupi ni wa kocha, na kikosi kile kilikuwa na warushaji wa kutosha kumpa mlinzi wa Houston mtu wa pili wa kumwogopa.

Sikushangilia. Nilishangaa mwenyewe kuona sishangilii. Kinyozi alinipigia simu saa sita usiku hakusema neno, nikamwambia pole ndugu yangu, na nilimaanisha.

Juni wote watano walioanza wakachaguliwa NBA: Flagg wa kwanza, Knueppel wa nne, Maluach wa kumi, James wa 33, Proctor wa 49. Binti yangu alikuwa amekesha na mimi akisubiri jina la "yule wa Uganda". Nyumba yetu haiingii jezi ya Duke, hilo analijua tangu akiwa mdogo. Akaniuliza kama ya Phoenix Suns, timu mpya ya Maluach, inaruhusiwa. Ilifika kwa posta wiki mbili baadaye, kubwa kuliko yeye, na analala nayo.