Hakuua, lakini ningemkimbia: usiku wangu na In a Lonely Place

Nilinunua diski hii nikitaka jioni ya kubahatisha muuaji ni nani. Filamu ya mwaka 1950, nyeusi na nyeupe, Humphrey Bogart kwenye jalada, msichana kauawa. Ni zile filamu za Marekani zenye vivuli virefu na watu wasioaminika ambazo Wafaransa walizipa jina la filamu nyeusi. Nimeshaitazama mara tatu, na swali la nani kaua sasa ndilo dogo kuliko yote. Ili niseme kwa nini, itabidi nitaje mwisho. Asiyetaka kuujua aishie hapa.

Bogart ni Dixon Steele, mwandishi wa filamu huko Hollywood, ambaye tangu kabla ya vita hajaandika kitu kikavuma. Anapewa riwaya aigeuze filamu. Hana hamu ya kuisoma, basi anamchukua Mildred, msichana anayepokea kofia na makoti mgahawani, aliyekwisha kuisoma, aje nyumbani amsimulie. Hadithi inaisha, Dix anampa pesa za teksi, msichana anaondoka. Baadaye maiti yake inaokotwa: amenyongwa, akatupwa kutoka kwenye gari. Dix akiwa mikononi mwa polisi, anayemtetea ni jirani yake wa ng'ambo ya ua, Laurel Gray, yaani Gloria Grahame. Anasema alimwona Mildred akitoka peke yake. Wanapendana. Dix anaandika usiku na mchana, Laurel anampigia taipu na kuhakikisha hasumbuliwi akilala. Kwa muda mfupi ni watu wawili wenye furaha ya kweli, na mimi niliwaamini.

Polisi hawapati ushahidi mpya wowote. Shaka inampata Laurel kupitia mlango mwingine kabisa, nao ni hasira za mpenzi wake. Kuna siku Dix anaondoka ufukweni akiwa amefura, anaendesha gari kama anayetaka kufa, anakwaruzana na gari la kijana mmoja, anashuka na kumpiga mpaka kijana anaanguka. Halafu anaokota jiwe. Laurel anapiga kelele, jiwe linabaki mkononi.

Nilikuwa natazama na dada yangu mkubwa. Akasema, "Mdogo wangu, mimi hapo nimeshashuka kwenye gari." Nikamtetea Dix, maana kesho yake anampelekea yule kijana dola 300. Dada akajibu, "Amepeleka bila kuweka jina lake. Huo ni msamaha gani?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Lakini tukio ninaloliona kila nikifumba macho ni la jikoni, wala hakuna anayepigwa. Asubuhi, Dix anaandaa balungi. Kile kisu chake maalumu kimepindwa kwa makusudi kifuate umbo la tunda. Yeye anadhani kimeharibika, anakinyoosha. Laurel kakaa pale na usingizi wa vidonge bado machoni, kwa sababu usiku hakuweza kulala kwa hofu. Dix anamwambia kwamba tukio zuri la mapenzi linapaswa kuwa juu ya jambo lingine kabisa: yeye akikata balungi, Laurel akisinzia, na yeyote atakayewaona atajua wanapendana. Anasema kwa upole wa kweli. Na sisi tunamwona mwanamke anayemwogopa mtu aliyeshika kisu. Kisha anamwomba wafunge ndoa, naye anakubali, kwa kuwa anaogopa kukataa. Grahame hafanyi lolote kubwa hapo. Macho yake tu yanatafuta mlango.

Mwongozaji, Nicholas Ray, alikuwa mume wa Grahame, na ndoa yao ilikuwa inavunjika wakati huohuo wa kupiga picha. Ule ua na vyumba vyake aliujenga kwa mfano wa nyumba aliyoishi alipofika Hollywood. Nilipolijua hilo niliitazama upya, na niliona hata jinsi Laurel anavyosimama dirishani ina uzito mwingine.

Riwaya ya Dorothy B. Hughes ya mwaka 1947, ambamo filamu hii imetoka, inamfanya Dix kuwa muuaji kweli. Muswada wa filamu nao ulikuwa umeandikwa ili mwishoni amuue Laurel. Ray aliubadilisha. Dix anagundua Laurel amepanga kutoroka, mikono yake inamkaba shingo, na simu inalia: Dix hana hatia, mpenzi wa Mildred amekiri. Laurel anajibu kwamba jana habari hiyo ingekuwa na maana kubwa, leo haina. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi ulioifanya filamu iishi. Angekuwa muuaji, Laurel angeonekana mwerevu tu. Hapa hajaua mtu, na hofu ya Laurel bado ilikuwa na haki kamili.

Linaloniudhi ni Mildred. Filamu inamwonyesha kama msichana mpumbavu anayesimulia riwaya kwa mbwembwe, kisha inamsahau. Kifo chake kinafungwa kwa sentensi moja ya simu. Alistahili zaidi.

Kuhusu diski yenyewe: picha ni safi sana, na vivuli vya mpiga picha Burnett Guffey vinaonekana hadi pembeni. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, yawashe, Bogart anaongea haraka. Ni kama saa moja na nusu, hakuna dakika niliyotamani kuiruka.

Mwishoni Dix anavuka ua na kwenda zake, Laurel anamtazama huku akilia. Dada alikaa kimya mpaka skrini ikawa nyeusi, kisha akaniomba nirudishe ile ya balungi.