Kidude cha Bluetooth cha kusoma injini, shilingi 35,000: nimekitumia miezi minne kwenye Allion yangu

Nilikinunua Msamvu, Morogoro, kwenye duka la vifaa vya simu, baada ya kuteketeza zaidi ya laki tatu kwa kubahatisha. Gari langu ni Toyota Allion ya 2010, injini ya 1NZ, lililotumika Japani kabla ya kunifikia. Siku ya nane tangu nilitoe yadi, taa ya cheki injini ikawaka. Likisimama kwenye mataa linatetemeka mpaka maji kwenye chupa yanacheza. Nikipanda kwenda Bigwa linakatakata, halina pumzi.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Tukabadilisha zote nne, likatulia siku mbili, likarudia. Wa pili akasema pampu ya petroli. Tukaweka nyingine, tetemeko liko palepale. Wa tatu alitaka kushusha gia boksi. Nikamwambia, "Kaka, naomba usubiri kwanza." Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima chochote, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi ni mwalimu, mshahara wangu naujua.

Kidude chenyewe kinaenea kiganjani. Unakichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, unawasha swichi, unakiunganisha na simu ya Android kwa namba ya siri 1234, kisha unafungua programu ya Torque. Kikanipa kodi moja, yaani namba ya kosa inayoandikwa na kompyuta ya gari: P0302. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Kwa hiyo silinda namba 2 ilikuwa haichomi sawasawa, na hesabu inaanzia upande wa fenibelti. Ingekuwa P0300, maana yake silinda zinakosa kuchoma ovyo bila mpangilio, na hapo ungeanza kuwazia mambo ya jumla kama petroli au hewa inayopenya. Kompyuta ya gari ilikuwa imetunza pia hali ya injini wakati kosa linaandikwa: maji digrii 89, mizunguko 680 kwa dakika. Injini ya moto, gari limesimama. Ndivyo hasa nilivyokuwa nikiwaeleza mafundi siku zote.

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu wengi wakiona kodi wanakimbilia duka la spea. Kodi hiyo haisemi koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, imekufa. Silinda inaweza kukosa kuchoma kwa sababu ya plagi, koili, nozeli inayopuliza petroli, waya, au hata mgandamizo kupungua. Mjomba wangu, aliyewahi kuendesha malori, ndiye aliyenifundisha hatua iliyofuata, na haikugharimu hata senti. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, tulifungua boliti za koili kwa spana namba kumi, tukahamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3, na ya 3 kuja ya 2. Tukafuta kodi, nikaendesha mpaka Kingolwira na kurudi. Nikasoma tena: P0303. Tatizo limehama na koili! Nilimkumbatia mjomba palepale uani.

Tulipochungulia shimo la plagi ya silinda ya 2 tulikuta oili. Gasketi ya tapet kava, yaani mpira unaoziba mfuniko wa juu wa injini, ilikuwa imekauka na kuvujisha, oili ikalowesha mpira wa koili. Ningeweka koili mpya bila kugusa gasketi, ingekufa na yenyewe. Koili ya mtumba 45,000, gasketi 25,000, ufundi 15,000. Ukienda dukani beba koili yako mkononi, ulinganishe namba iliyochapwa juu yake inayoanza na 90919. Mimi nilirudishwa mara moja kwa kutaja jina la gari tu.

Upungufu upo. Simu ya mdogo wangu, iPhone, haikukiona kabisa. Hizo zinahitaji kidude cha Wi-Fi au kilichotengenezwa kwa ajili yake. Namba zinazoonekana gari likitembea huchelewa. Na usikiache kimechomekwa usiku kucha, kinanyonya betri.

Kubwa kuliko yote, magari mengi ya Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 hayaelewani nacho kirahisi. Shemeji yangu ana Toyota IST ya 2003, nayo ilikuwa ikikosa kuchoma vilevile. Tulijaribu jioni nzima, simu ikaishia kuandika kwamba haioni kompyuta ya gari. Kwa hiyo mwenye gari la umri huo ajaribu kabla ya kulipa.

Kwa anayekwenda yadi kununua gari, ningesema aende nacho kabla ya kitu kingine chochote. Programu inaonyesha kama vipimo vya ndani vya gari, yaani ukaguzi ambao kompyuta yake hujifanyia, vimekamilika. Ukikuta vingi havijakamilika, ama betri ilichomolewa karibuni au kuna mtu amefuta kodi, basi omba uliendeshe muda mrefu kabla ya kutoa pesa. Taa yangu ilikuwa imezimika siku ninanunua.

IST ya shemeji tuliipima kwa njia ya mjomba: injini ikiunguruma, unachomoa soketi ya koili moja kwa sekunde chache na kuirudisha, kisha inayofuata. Ya 1, ya 2 na ya 4, injini ilishtuka. Ya 3, haikubadilika chochote, maana yake silinda hiyo ndiyo ilikuwa haichomi. Jumamosi tunafungua plagi yake.